Mgeni Mlangoni, Bastola Mkononi



Katika nyumba za Waswahili, mwambao na bara, mlango haujiwi kimya kimya. Mgeni husimama kando kidogo, akapaza sauti, "Hodi!" Aliyemo ndani huitika "Karibu!" hata kabla hajamtambua aliye nje. Kwa desturi hodi hupigwa mara tatu. Asipojibiwa, mgeni hugeuka akaenda zake bila ya kinyongo. Wako wanaodhani kuwa hiyo ni adabu tu ya kupamba mazungumzo. La hasha. Hayo ni mapatano baina ya watu wawili ambao bado hawajaonana: wa nje anaahidi kwamba hatavamia, na wa ndani anaahidi kwamba hatamdhuru aliyejitangaza. Yafaa jambo hilo likumbukwe tangu mwanzo, maana mazungumzo ya leo yanahusu nchi ambayo mapatano hayo, katika nyumba zisizo chache, yamekatika. Na katika nchi hiyo wanaishi sasa maelfu ya watu wasemao Kiswahili.

Nchi yenyewe ni Marekani, na hofu inayozungumzwa hapa ni ile ya mwenye nyumba anayesikia kengele ya mlango ikilia, naye mkono wake ukaitangulia akili yake kuifikia bastola.

Aprili 2023 ilileta siku sita ambazo Wamarekani wenyewe walizijadili kwa fadhaa. Tarehe 13, katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, kijana mweusi wa miaka 16, mwana wa wazazi waliohamia kutoka Liberia, alitumwa kwenda kuwachukua wadogo zake kwenye nyumba ya marafiki. Alichanganya majina ya barabara mbili zilizo jirani, zote zikiwa na namba 115. Alibonyeza kengele, akangoja. Mzee wa miaka 84 alimpiga risasi kupitia kioo cha mlango, moja kichwani, nyingine mkononi. Siku mbili baadaye, huko Hebron, shamba katika jimbo la New York, msichana wa miaka 20 alikuwa na wenzake ndani ya gari wakiitafuta nyumba ya rafiki yao. Waliingia kimakosa katika kinjia cha nyumba nyingine, wakageuza gari ili watoke. Mwenye nyumba akafyatua bunduki kutoka barazani, na msichana huyo akafa. Tarehe 18, huko Elgin, Texas, msichana mmoja alifungua mlango wa gari akidhani ni lake, katika uwanja wa kuegesha magari wa duka kubwa. Alipogundua kosa lake alirudi kwa wenzake. Wawili kati yao walipigwa risasi, mmoja akajeruhiwa vibaya.

Kosa la vijana hao wote lilikuwa la aina moja, nalo ni lile ambalo kila mtu aliyewahi kufika katika mji mgeni amelifanya: kuukosea mlango. Watoto wa Kiafrika waliosoma katika miji ya mbali, na wazee waliokwenda kuwatembelea, wanajua jinsi nyumba za vitongoji vya Kimarekani zinavyofanana, kila moja na majani yake yaliyokatwa na sanduku lake la barua. Kuzichanganya ni rahisi mno.

Lakini wazee wenye kumbukumbu, hasa katika nchi ya Japani, hawakulishangaa juma hilo. Wao walikuwa wamekwisha kulia miaka 30 nyuma.

Tarehe 17 Oktoba 1992, kijana wa Kijapani wa miaka 16, aliyekuwa akisoma Baton Rouge, jimbo la Louisiana, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, alialikwa karamu ya Halloween, sikukuu ambayo watu huvaa mavazi ya mzaha. Alivaa suti nyeupe kama ya mcheza dansi wa sinema. Alifuatana na mwana wa familia iliyokuwa ikimlea. Waliona nyumba iliyopambwa kwa ajili ya sikukuu hiyo, na namba yake ikikaribiana na ile waliyopewa, wakabonyeza kengele. Mama wa nyumba alichungulia kupitia mlango wa upande wa kuegeshea gari, akaingiwa na hofu, akaufunga, akamwambia mumewe alete bastola. Mume hakuuliza ni nani. Alichukua bastola kubwa, akaufungua ule mlango uliokwisha kufungwa, akatoka. Vijana walikuwa wanaondoka. Yule wa Kijapani alipoona mlango umefunguliwa alidhani wamekaribishwa baada ya yote, akarudi kwa furaha akieleza kuwa wamekuja karamuni. Mwenye nyumba alimwamuru asimame kwa neno la Kiingereza ambalo mwanafunzi wa kigeni hulijua kwa maana ya maji kuganda kuwa barafu. Kijana hakusimama. Risasi moja ilimpiga kifuani, akafa akiwa njiani kupelekwa hospitali.

Inafaa kutua kidogo hapa. Mlango ulikuwa umefungwa. Nyumba ilikuwa salama. Simu ya kuwaita polisi ilikuwamo ndani. Hatari yote iliyotokea usiku ule ilitokea kwa sababu mlango ulifunguliwa tena na mtu mwenye silaha, na ambaye, kwa kuwa nayo, aliona kwamba hana haja ya kuuliza.

Mei 1993 mwenye nyumba alishtakiwa kwa kosa la kuua bila ya kukusudia. Wazee wa baraza 12, wananchi wa kawaida wa mji ule, walimwona hana hatia baada ya kushauriana kwa saa chache tu. Huko Japani hukumu hiyo ilipokewa kwa mshangao zaidi kuliko hasira: watu waliulizana ni nchi gani hiyo ambayo mtu anaweza kumwua mtoto mlangoni, kisha akarudi kwake kula chakula cha jioni. Katika kesi ya madai ya mwaka 1994, iliyoamuliwa na jaji peke yake bila ya wazee wa baraza, ilionekana kwamba hapakuwa na sababu yoyote ya kutumia silaha ya kuua, na wazazi wakapewa fidia ya zaidi ya dola 650,000. Tukio ni lile lile na mashahidi ni wale wale. Tofauti ilikuwa ni kwamba wale 12 walijiona wenyewe ndani ya nyumba ile, nao waliijua ile hofu.

Je, hofu hiyo ilipata wapi ruhusa ya sheria? Watetezi wake hupenda kurejea Uingereza ya kale. Mwaka 1604, katika kesi iitwayo ya Semayne, iliyoandikwa na mwanasheria Edward Coke, mahakama ilitamka kwamba nyumba ya kila mtu ni ngome yake. Maneno hayo yamesafiri mbali, yamebandikwa hata milangoni. Kinachosahauliwa ni nusu ya pili ya hukumu hiyo hiyo. Kesi yenyewe ilihusu askari wa Mfalme aliyekwenda kukamata mali kwa ajili ya deni, na mahakama ilisema kwamba kabla ya kuvunja mlango ni lazima kwanza ajitangaze, aeleze sababu ya kuja kwake, na aombe kufunguliwa. Kwa maneno mengine, sheria iliyoizaa ngome iliizaa pamoja na hodi. Wamarekani wengi waliichukua ngome, wakaiacha hodi baharini.

Baadaye majimbo yalizidi kuipanua haki hiyo. Colorado mwaka 1985 ilipitisha sheria ya kumlinda mwenye nyumba anayemwua mvamizi, na watu wakaipa jina la utani kutokana na kauli ya mwigizaji wa sinema za bastola. Jambo hilo peke yake laweza kumwonyesha msikilizaji ni wapi mafunzo ya uraia yalikuwa yakipatikana. Florida mwaka 2005 ilikwenda mbele zaidi: mtu hana wajibu tena wa kurudi nyuma na kuikwepa hatari, si nyumbani tu bali popote alipo kwa haki. Majimbo mengi yakafuata. Ni kweli kwamba sheria za nyumbani, zikisomwa neno kwa neno, humzungumza aliyeingia kwa nguvu, wala hazimruhusu mtu kumwua aliyebonyeza kengele. Lakini raia wa kawaida hasomi vifungu. Hubaki na wazo moja tu, kwamba nyumbani kwake anaruhusiwa.

Tena yako yale Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yenye maneno 27 tu kwa Kiingereza. Yanaanza kwa kutaja mgambo uliopangwa vizuri, ndipo yanapoitaja haki ya watu kuwa na silaha. Kwa muda mrefu wa historia, majaji wa Serikali Kuu waliyasoma maneno hayo kuwa yanahusu mgambo. Mwaka 2008 ndipo Mahakama ya Juu kabisa, katika kesi ya Heller, ilipoamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kila mtu binafsi ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda. Hivyo haki hii inayotajwa kana kwamba ilishuka pamoja na mababu ni changa kuliko wengi wa watu wanaouawa kwayo.

Na huo mgambo ulikuwa ukifanya nini? Kulinda mipaka, ndiyo; kupigana na wenyeji wenye asili ya nchi, ndiyo. Lakini katika majimbo ya Kusini ulikuwa na kazi nyingine. South Carolina iliweka doria za kuwalinda watumwa wasitoroke wala wasiasi tangu mwanzo wa karne ya 18, na askari wa doria hizo walikuwa na mamlaka ya kuingia katika vibanda vya Waafrika kutafuta silaha. Hapo hapakuwa na ngome wala hodi. Mwaka 1865, watumwa walipokwisha kuachwa huru, jimbo la Mississippi liliharakisha kutunga sheria ya kumzuia mtu mweusi asimiliki bunduki bila ya kibali. Kwa hiyo haki ya kuulinda mlango ilizaliwa ikiwa na rangi, na anayeshangaa kwa nini mzee wa Kansas City aliona jitu la kutisha mahali ambapo alisimama mtoto mwenye kupenda muziki, na aanzie huko nyuma kutafuta.

Hapa lazima ielezwe habari ambayo wapinzani wa bunduki huipita haraka. Wamarekani weusi nao walipata kuilinda milango yao kwa bunduki, tena kwa sababu nzuri. Medgar Evers, kiongozi wa haki za raia wa Mississippi, aliuawa usiku wa tarehe 12 Juni 1963 mbele ya nyumba yake, aliposhuka garini, mkewe na watoto wakiwa ndani. Mwaka uliofuata, huko Jonesboro, Louisiana, jimbo lile lile la msiba wa Baton Rouge, wanaume weusi waliunda chama kilichoitwa Deacons for Defense, wakakesha na silaha kuwalinda wapigania haki dhidi ya Ku Klux Klan, maana polisi walikuwa ama wamelala ama wamo katika genge hilo. Yeyote atakayewaambia wazee wale kwamba walikuwa wagonjwa wa hofu atakuwa amekosa heshima. Hata leo yupo mwanamke aishiye peke yake mashambani, ambako gari la polisi huchukua muda mrefu kufika. Hofu yake si ya kuchekwa.

Shida ni kwamba hofu ya watu kama hao wachache imefanywa kuwa bidhaa ya kuuzwa kwa wote. Chama cha National Rifle Association kilianzishwa mwaka 1871 na maofisa wa jeshi waliosikitishwa na askari wao kukosa shabaha. Kwa miaka mingi kilikuwa chama cha wawindaji na walenga shabaha. Mwaka 1977, katika mkutano wake wa Cincinnati, wanachama wenye msimamo mkali waliwapindua viongozi, na tangu hapo kikawa jeshi la siasa. Uwindaji wenyewe ulikuwa ukipungua. Bunduki ya babu iliyotundikwa ukutani haiharibiki upesi, na mwenye nayo hana sababu ya kununua nyingine, ila aambiwe kwamba mwizi yuko njiani. Mwaka 1999, uchunguzi wa maoni wa ABC News na Washington Post ulipowauliza wenye silaha sababu ya kuwa nazo, karibu nusu walitaja uwindaji, na robo tu wakataja ulinzi. Mwaka 2023, asilimia 72 walisema kuwa ulinzi ni sababu kubwa. Maswali hayakuulizwa kwa namna moja, lakini mwelekeo hauhitaji miwani kuuona.

Jambo la ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo uhalifu wa kutumia nguvu, kwa hesabu za FBI, ulishuka kwa karibu nusu baina ya mwaka 1993 na 2022. Mwaka 2020 mauaji yaliruka kwa karibu asilimia 30, kisha yakateremka tena. Lakini runinga ya jioni haiwezi kutangaza kwamba leo katika mtaa fulani hapakuvunjwa nyumba. Siku hizi imeongezwa kamera ndogo inayofungwa juu ya kengele ya mlango, nayo humpelekea mwenye nyumba picha ya kila apitaye: mpeleka vifurushi, mtoto auzaye biskuti, jirani aliyepotelewa na paka. Kila mmoja huonekana kutoka juu, uso umevimba kwa kioo cha kamera, kama mshukiwa kituoni. Chombo kilichonunuliwa ili kuondoa wasiwasi kinaulisha wasiwasi huo mchana na usiku.

Silaha zenyewe ni nyingi kuliko watu. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria kwamba mwishoni mwa mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki na bastola milioni 393, wakati nchi nzima ilikuwa na watu wapatao milioni 326. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya silaha zote zilizokuwa mikononi mwa raia duniani. Na zinamwua nani? Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa risasi katika nchi hiyo. Zaidi ya 27,000 kati yao walijiua wenyewe. Mtu wa kuogopwa, basi, kwa sehemu kubwa, hakuwa nje ya mlango. Alikuwamo ndani, na huzuni yake, na kileo chake, na droo isiyofungwa. Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari kubwa zaidi ya mtu kuuawa humo, na aghalabu muuaji ni ndugu au mtu anayefahamika. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliweka sharti lililofanya fedha za Serikali kwa utafiti wa namna hiyo zikauke kwa zaidi ya miaka 20. Madaktari walikuwa wamepiga hodi wakitaka kusema jambo, nao hawakukaribishwa.

Pamoja na hayo, si haki kusema kwamba hakuna kilichobadilika. Mtu wa Hebron alipatikana na hatia ya mauaji Januari 2024, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Mzee wa Kansas City alikiri kosa la kushambulia Februari 2025, akafa siku chache baadaye kabla ya kuhukumiwa. Kijana aliyepigwa risasi alipona, akaendelea na masomo. Wazee wa baraza wa leo, angalau katika baadhi ya mahakama, wameanza kumwona pia yule aliyesimama nje.

Habari hizi zina uzito wa pekee kwa wasemao Kiswahili. Wakimbizi wengi kutoka Kongo, ambao baadhi yao walizaliwa na kukulia katika kambi za Tanzania, Uganda na Burundi, wamepelekwa kuishi katika miji kama Louisville, Houston na Grand Rapids. Kwao, kumtembelea jirani bila ya taarifa ni wema. Kufika jioni na sahani ya chakula ni upendo. Kupita mlango wa nyuma ni dalili ya udugu. Katika mitaa mingine ya Marekani mambo hayo matatu yaweza kuwa ya hatari. Ndiyo maana waliotangulia huwafundisha wapya mafunzo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha lugha: piga simu kabla ya kuondoka nyumbani, hakikisha jina la barabara na herufi zake zote, simama mahali penye mwanga, mikono iwe wazi, usimtume mtoto peke yake usiku kwenye nyumba asiyoijua. Wasilaumiwe kwa kufundisha hivyo. Walakini mzazi aliyemtoa mwanawe kambini, akamvusha bahari ili awe salama, kisha akamfundisha namna ya kusimama mbele ya mlango wa mtu asipigwe risasi, hawezi kuyasema mafunzo hayo bila ya sauti kumtetemeka.

Wale wazazi wa Kijapani hawakurudi kwao kunyamaza. Walikusanya saini zipatazo milioni 1.7 za wananchi wenzao kuwaomba Wamarekani waziondoe bunduki majumbani, na Novemba 1993 wakaonana na Rais Bill Clinton. Mwisho wa mwezi huo Rais huyo alitia saini sheria ya Brady, inayotaka mnunuzi wa silaha achunguzwe kwanza. Sheria hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na msiba wao, nao walilijua hilo. Ndipo wakaanzisha mfuko kwa jina la mtoto wao wa kuwasaidia wanafunzi wa Kimarekani kwenda kusoma Japani. Mwanafunzi huyo hufika akiwa hajui lugha vizuri, ameshika karatasi yenye anwani, hubonyeza kengele ya nyumba ya watu asiowajua, na mlango hufunguliwa.